Bibi Titi Mohamed wa Rufiji: Maisha ya Mbunge, na Kazi ya Bunge

Katika nchi yetu hii ya Pwani, tangu Mkuza na Mlandizi hata Kisarawe na Maneromango, hakuna neno lizungumzwalo barazani zaidi ya neno hili la mbunge, hasa mwaka wa uchaguzi unapokaribia. Mwenye mikorosho humlaumu mbunge kwa ajili ya bei ya korosho. Mwenye kisima kilichokauka humlaumu kwa ajili ya maji. Na aliyefiwa humngojea mbunge alete sanda na unga. Wengine husema ya kuwa mbunge ni mtu mkubwa asiyeulizwa neno. Wengine husema ya kuwa ni mtumishi wetu tu, atumwe kama tarishi. Maneno haya yote hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Basi yafaa tutulie, tuangalie kazi hii ilianzaje, hufanywaje, na hukomaje.

Njia nyepesi ya kujifunza jambo ni kufuata nyayo za mtu mmoja aliyelipitia. Nasi tumemchagua Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa Mbunge wa Rufiji, kwa sababu tatu. Kwanza, Rufiji ni jirani zetu, nasi tu mkoa mmoja nao, ambao makao yake makuu yako hapa Kibaha. Pili, alikuwa mwanamke wa kawaida, hakuzaliwa katika nyumba ya chifu wala hakusoma shule kubwa. Tatu, alionja mambo yote yawezayo kumpata mbunge: kupendwa, kuchaguliwa, kupewa cheo, kukataliwa kwa kura, kushtakiwa, kufungwa, na mwisho kukumbukwa kwa heshima. Maisha ya watu wachache yaweza kumfundisha mpiga kura mengi kama haya.

BARAZA LA ZAMANI

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Juni mwaka 1926. Mwaka huo huo ndio lilioanza Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, ambalo ni mzazi wa Bunge la leo. Baraza hilo lilikutana mara ya kwanza tarehe 7 Desemba 1926, na aliyekaa kitini pa mwenyekiti alikuwa Gavana mwenyewe, Sir Donald Cameron. Wajumbe walikuwa 20: maofisa wa Serikali 13, na watu wasio maofisa 7. Hakuna hata mmoja kati yao aliyechaguliwa kwa kura, wala hapakuwamo Mwafrika hata mmoja. Gavana ndiye aliyewateua, na kwa kuwa maofisa walikuwa wengi kuliko wenzao, neno alilolitaka Gavana halikuweza kushindwa.

Hali hiyo ilidumu miaka karibu 20. Mwaka 1945 ndipo Waafrika wawili wa kwanza walipoteuliwa, nao walikuwa Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma. Hao walikuwa watu wenye busara na heshima, lakini nao waliteuliwa, hawakuchaguliwa. Tofauti kati ya maneno haya mawili ni kubwa, na msomaji aishike vema. Aliyeteuliwa huweza kuondolewa na yule aliyemteua. Aliyechaguliwa huulizwa na wale waliompigia kura. Mtu hutazama upande ule kilikotoka cheo chake.

MALEZI YAKE

Bibi Titi alilelewa katika desturi za Kiislamu za watu wa mji, akasoma Kurani, kisha akasoma madarasa ya chini ya shule. Hakuendelea zaidi, maana wasichana wengi wa siku zile hawakuendelea. Aliolewa angali binti wa miaka 14 hivi. Kwa kipimo cha vyeti, mtu angeweza kusema ya kuwa hana elimu. Lakini alikuwa na kipawa kingine: alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma cha wanawake wa Dar es Salaam, na sauti yake ilijulikana mji mzima.

Wako watakaouliza, ngoma na Bunge vina uhusiano gani? Uhusiano upo. Kikundi cha ngoma kina kiongozi, kina mweka fedha, kina siku za kukutana na kanuni za kufuatwa. Wanachama hutoa michango, huzikana, husaidiana arusini na msibani. Anayekiongoza kikundi kama hicho hujifunza kusimama mbele ya watu bila ya kutetemeka, kusikiliza ugomvi na kuumaliza, na kusema jambo kwa maneno machache yakakaa moyoni mwa asikiaye. Hizo ndizo kazi za mbunge zenyewe, ila uwanja ni mwingine.

ALIVYOINGIA KATIKA SIASA

Chama cha TANU kilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Kiongozi wake, Mwalimu Julius Nyerere, alikuwa akifundisha katika shule ya Pugu, ambayo wazee wetu wa Kisarawe waijua vema kwa kuwa iko jirani nao. Siku zile Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa chini ya mamlaka ya Uingereza, na shabaha ya chama ilikuwa kuiongoza nchi hata ijitawale.

Mwaka 1955 alifika Dar es Salaam Bwana John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza. Alipoonyeshwa viongozi wa TANU aliwaona wanaume watupu, akauliza, je, sehemu ya wanawake iko wapi? Swali lilikuwa fupi, lakini liliwapata mahali. Ndipo alipotafutwa Bibi Titi, ambaye alikuwa mwanachama tayari, akafanywa kiongozi wa sehemu ya wanawake.

Hakuanza kwa kuandika barua magazetini. Alikwenda nyumba kwa nyumba kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, akawaeleza habari ya chama. Nao, kwa kuwa kila kiongozi alikuwa na watu wake, walileta wanachama kwa makumi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Bwana Oscar Kambona, katibu wa TANU, aliandika kwa rafiki za chama huko Uingereza ya kuwa katika muda wa miezi mitatu Bibi Titi alikuwa amewaandikisha wanawake 5,000. Idadi hiyo iliwashangaza hata wanaume wa chama.

Tuone sababu yake. Wafanya kazi wa Serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na vyama vya siasa, na wengi wa wanaume waliosoma walikuwa wafanya kazi wa Serikali. Lakini muuza maandazi, mpika pombe, mwenye kukodisha chumba, na mkulima mwanamke hawakuwa na mwajiri wa kuwafukuza. Walikuwa na uhuru wa kusema ambao karani hakuwa nao. Basi chama kilipata nguvu zake mahali ambapo watu wakubwa hawakutazama. Tangu hapo Bibi Titi alisafiri pamoja na Mwalimu Nyerere na viongozi wengine katika majimbo mengi ya Tanganyika, akihutubia mikutano, na sauti ile ya ngoma ikawa sauti ya nchi.

KURA ZA KWANZA

Uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima ulifanywa kwa vipindi viwili, mwezi wa Septemba 1958 na mwezi wa Februari 1959. Lakini si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ilimlazimu mtu awe na elimu ya darasa la nane, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au kazi ya cheo kilichotajwa katika sheria. Tena kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, hata kama alimtaka mmoja tu. Watu waliita jambo hilo kura tatu. Katika uchaguzi huo Mwalimu Nyerere alichaguliwa kwa Jimbo la Mashariki, ambalo ndani yake zilikuwamo nchi zetu hizi za Uzaramo pamoja na Rufiji.

Fikiri basi, msomaji: maelfu ya wanawake waliokijenga chama hawakuwa na haki ya kupiga kura, maana hawakuwa na elimu ile wala mapato yale. Walitwanga mpunga wakaambiwa wasile. Hata hivyo hawakuacha kazi. Masharti yalilegezwa kidogo kwa uchaguzi wa mwezi wa Agosti 1960. Katika viti 71 TANU ilipata 70, na katika hivyo viti 58 havikuwa na mshindani. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Baraza la Kutunga Sheria likageuka kuwa Bunge.

Katika Bunge la nchi huru, Bibi Titi alikuwa Mbunge wa Rufiji. Mwaka 1962 ulipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, yaani UWT, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Alipewa pia cheo cha naibu waziri katika wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule Gavana alipofungua Baraza lisilo na Mwafrika, sasa alikaa ndani ya Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, akishiriki kutunga sheria za nchi.

Rufiji haikuwa jimbo jepesi. Mto unaoitwa kwa jina hilo hilo huikata nchi hiyo pande mbili, na mafuriko yake hulisha mashamba ya mpunga mwaka mmoja na kuyazamisha mwaka mwingine. Daraja kubwa ambalo leo huitwa Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu na magari walivushwa kwa pantoni pale Ndundu. Mbunge wa jimbo la namna hiyo alikuwa na wapiga kura ng'ambo zote mbili za mto, na wengine katika visiwa vya delta penye mikoko, ambako mtu hufika kwa mtumbwi. Kuwasikiliza wote ilikuwa kazi, na mbunge mwenye unaibu waziri hutakiwa Dar es Salaam siku nyingi.

KAZI YA MBUNGE

Hapa tusimame kidogo tueleze kazi yenyewe, kama ilivyo katika Katiba yetu ya mwaka 1977 pamoja na mabadiliko yake.

Kazi ya kwanza ya mbunge ni kutunga sheria. Serikali ikitaka sheria mpya, huandika muswada na kuutangaza katika Gazeti la Serikali. Muswada husomwa Bungeni mara ya kwanza, kisha hupelekwa katika kamati, ambayo huuchunguza na kuwasikiliza watu wenye maoni. Baadaye husomwa mara ya pili, wabunge wakajadili shabaha yake. Kisha Bunge zima hukaa kama kamati na kuupitia kifungu kwa kifungu. Kisha husomwa mara ya tatu. Hata hapo bado haujawa sheria, mpaka Rais atie saini. Mkulima wa Mkuza anayetaka neno lake liingie katika sheria ya ardhi au ya korosho yampasa ajue ya kuwa wakati wa kulisema ni pale muswada ulipo mbele ya kamati. Sheria ikiisha kutiwa saini, kulalamika barazani ni kama kumkimbiza kuku aliyekwisha chinjwa.

Kazi ya pili ni kuangalia fedha. Kila mwaka, kati ya Aprili na Juni, Bunge hukaa Dodoma kujadili mapato na matumizi ya Serikali, wizara kwa wizara. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani ya kuwa mbunge anazo fedha za barabara mfukoni. Sivyo. Katiba hairuhusu Bunge kushughulikia jambo la kutoza kodi au kutumia fedha za Serikali isipokuwa Rais amependekeza kupitia kwa Waziri. Mbunge aweza kuuliza, kushawishi, kupinga, na kukataa. Hawezi kuamka asubuhi akaandika hundi ya kisima. Kweli, kwa sheria ya mwaka 2009 uko Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, na mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Lakini fedha hizo ni za jimbo, hupitia katika halmashauri, na matumizi yake huwekwa katika hesabu. Si sadaka ya mbunge, wala mwananchi hapaswi kumpigia magoti kwa ajili yake. Yampasa aulize tu: zimeingia ngapi, zimetumika wapi?

Kazi ya tatu ni kuisimamia Serikali. Mbunge humwuliza Waziri maswali, na Waziri hujibu mbele ya nchi nzima. Swali zuri laweza kufanya kazi kuliko hotuba ndefu, mradi aliulizaye awe na habari kamili. Na habari hizo atazitoa wapi, kama wananchi wenyewe hawampi? Anayemwambia mbunge, "Hali ni mbaya," hajamwambia kitu. Anayemwambia, "Zahanati yetu haina mganga tangu mwezi wa tatu, na barua tuliyoandika halmashauri ni hii," amempa silaha.

KITI SI SHAMBA LA URITHI

Sasa turudi kwa Bibi Titi. Mwaka 1965 nchi iliingia katika utaratibu wa chama kimoja kwa sheria. Watu walijiuliza, kama chama ni kimoja, uchaguzi una maana gani? Jawabu lililotolewa lilikuwa hili: karibu katika kila jimbo TANU iliweka wagombea wawili, wote wa chama hicho, na wananchi wakachagua mmoja wao. Ili wasiojua kusoma wasipotee, mgombea mmoja alipewa alama ya jembe, na wa pili alama ya nyumba. Mpiga kura hakuweza kuchagua chama kingine, na hilo lilikuwa pungufu kubwa, ambalo halikuondolewa hata vyama vingi viliporudi kwa sheria ya mwaka 1992. Lakini aliweza kuchagua mtu.

Mwezi wa Septemba 1965 kura zikapigwa katika majimbo 107, na matokeo yakawashtua wengi. Waziri wa Fedha, Bwana Paul Bomani, alishindwa huko Mwanza. Na Bibi Titi, shujaa wa uhuru, mwenyekiti wa wanawake, naibu waziri, ambaye jina lake lilijulikana tangu pwani hata ziwani, alishindwa huko Rufiji.

Baadhi ya watu walishangaa, wakasema wananchi hawana shukrani. Nasi twasema, jambo hilo latakiwa kuangaliwa kwa makini. Kura ni ya siri, na sheria haimtaki mpiga kura aeleze sababu yake. Kumshukuru mtu kwa kazi ya jana ni wema. Lakini kura ni neno juu ya kazi ya kesho. Mtu aweza kumheshimu sana mpigania uhuru, akamsimamia aingiapo, akamwimbia, na hata hivyo akampa kura mwingine kwa kuwa anadhani huyo atafika zaidi ng'ambo ya mto. Kiti cha Bunge si shamba la urithi, hata kwa yule aliyelisafisha pori kwa mikono yake. Bibi Titi alishindwa kwa kura zile zile ambazo yeye na wenzake walipigania watu wazipate. Hilo lilikuwa chungu kwake, lakini lilikuwa ushahidi ya kuwa kazi yake haikuwa bure.

MIAKA YA TABU

Baada ya kushindwa aliendelea kuongoza UWT. Mwezi wa Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, ambalo pamoja na mambo mengine liliweka miiko ya viongozi. Kiongozi wa TANU au wa Serikali alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Hakukubaliana na mwiko huo, akajiuzulu uongozi. Twaweza kuukubali mwiko ule au kuukataa. Lakini tuone ya kuwa hakuzificha nyumba kwa jina la ndugu huku akiendelea kukaa kitini. Aliachia kiti waziwazi.

Yaliyofuata yalikuwa mazito zaidi. Mwezi wa Oktoba 1969 alikamatwa, na mwaka 1970 akashtakiwa pamoja na wenzake sita kosa la uhaini, yaani kula njama ya kuiangusha Serikali. Bwana Kambona, yule aliyeandika barua ya kumsifu mwaka 1955, alikuwa amekwisha kuondoka nchini akiishi London, na upande wa mashtaka ulimtaja kuwa kiongozi wa njama hiyo. Kesi ilisikilizwa mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges. Bibi Titi alikana. Mwaka 1971 alipatikana na hatia, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere akamsamehe, akatoka gerezani.

Hapa msomaji ataka tumwambie nani alikuwa na haki. Mahakama ilitoa hukumu yake, naye mpaka mwisho alisema ya kuwa hana hatia. Sisi si mahakama. Lakini liko jambo moja ambalo kila mtu aweza kuliona: katika siasa, urafiki wa miaka kumi waweza kuvunjika, na anayebebwa mabegani leo aweza kuachwa peke yake kesho. Kwa hiyo mtu asitafute ubunge kwa kupenda kubebwa. Na nchi isiziache sheria zake zitegemee urafiki wa wakubwa, maana urafiki hupita, na sheria ndiyo inayobaki kumlinda mdogo na mkubwa.

Miaka mingi baada ya hapo aliishi kwa utulivu, mbali na jukwaa, na vijana wengi walikua bila ya kulisikia jina lake shuleni. Mwaka 1991, nchi iliposherehekea miaka 30 ya uhuru, alitajwa tena hadharani kuwa miongoni mwa mashujaa wa mapambano yale. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 huko Johannesburg, Afrika Kusini, alikokuwa amepelekwa kutibiwa. Leo barabara kubwa mojawapo ya Dar es Salaam inaitwa Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Watu wetu waendao mjini na mihogo, nazi na maembe huipita kila siku, na wengi wao hawajui imeitwa kwa jina la nani. Sasa na wajue.

MANENO YA KUSHIKA

Tangu siku za Bibi Titi mambo mengi yamebadilika. Uchaguzi wa vyama vingi ulirudi mwaka 1995. Katiba yataka wabunge wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30, na mwaka 2010 Bibi Anne Makinda alichaguliwa kuwa Spika wa kwanza mwanamke. Anayetaka ubunge yampasa awe raia mwenye umri usiopungua miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na apendekezwe na chama cha siasa chenye usajili. Sheria haikutaja mali, wala ukoo, wala shahada. Basi mwanamke wa Mkuza anayeongoza kikundi cha kuweka na kukopa chini ya mwembe, akijua hesabu za wenzake na kumaliza ugomvi wao, asidhani ya kuwa Bunge ni la watu wengine. Aliyekaa kwa ajili ya Rufiji alitoka katika ngoma.

Katika habari hii yote tumeona mambo matatu ya kushika. La kwanza: tumpime mbunge kwa kazi iliyo yake, yaani sheria, fedha na kuisimamia Serikali, wala tusimpime kwa sanda na pilau. Anayetununua kwa kilo ya sukari amekwisha kulipa deni lake kwetu, na baada ya hapo hatuna neno la kumdai. La pili: tumpe habari kamili, kwa maandishi, kwa wakati wake. Mbunge asiyeambiwa kitu husema yaliyo yake mwenyewe. La tatu: tukitosheka naye tumrudishe, tusipotosheka naye tumwondoe kwa kura, bila ya matusi na bila ya mawe. Watu wa Rufiji walifanya hivyo mwaka 1965 kwa karatasi yenye jembe na nyumba, wala hakuna aliyewanyang'anya haki hiyo.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi twaweza kusema ya kuwa mbunge hupita kama mgeni, miaka mitano, kumi au zaidi. Wenyeji wa jimbo ni sisi. Kisima kikikauka ni sisi tutakaobeba ndoo. Kwa hiyo daftari la wapiga kura litakapoletwa kuandikishwa katika vijiji na mitaa yetu, kila mwenye umri wa miaka 18 na zaidi aende akahakikishe jina lake limo. Mwaka 1958 wanawake waliokijenga chama walibaki nje wakitazama wengine wakipiga kura, kwa kuwa sheria iliwazuia. Leo sheria haituzuii. Tukibaki nje, tumejizuia wenyewe.